Chemko Bila Mwanzo

Mzee mmoja wa Kibondo ana mtoto anayetengeneza muziki kwa kompyuta. Hivi karibuni kijana huyo alichukua wimbo wa zamani wa Morogoro Jazz, akakata chemko peke yake, akaliwekea ngoma nzito, kisha akamsikilizisha baba yake.

Mzee alitikisa mguu kidogo, halafu akauliza: "Mwanangu, maneno yako wapi?"

"Baba, vijana wa sasa hawana subira ya hadithi."

Mzee akamweleza kuwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, huanza taratibu. Mtu anaeleza kwanza yaliyomsibu, ndipo magitaa yanachemka. Yeye na marehemu mkewe walikuwa wakizisikiliza kwenye redio ya betri.

"Mama yako alipenda mwanzo," alisema.

Kijana alifiwa na mama akiwa na miaka minne. Usiku ule aliurudisha ubeti wa kwanza, bila ngoma yoyote.

Wazazi hulalamika kwamba watoto wanaharibu vya zamani. Pengine hawajawahi kuambiwa ndani yake mna nini.