Ba Be Bi Bo Bu ya Columbus

Shangazi Mwalimu,

Katika simu ile ya baada ya arobaini ya Baba Mdogo uliniuliza, mbele ya ukoo mzima, kama ni kweli nimemwachisha mtoto shule. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa ukikatika. Nilijua nikijibu kwa mdomo utanikata kauli kabla sijafika katikati, maana huko kumkata mtu kauli ni kazi uliyolipwa na serikali miaka yote ile. Kwa hiyo nakuandikia, na kwa kuwa gazeti limenipa ukurasa, wasomaji nao wawe mashahidi.

Ni kweli. Mkubwa nilimtoa Januari 2024, akiwa darasa la kwanza. Mdogo wake hajaingia kabisa. Hapa Columbus, jimbo la Ohio, si kosa. Unamwandikia msimamizi wa elimu wa wilaya barua: jina lako, anwani, jina la mtoto, na ahadi kwamba utamfundisha Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Basi. Zamani ilibidi kila mwaka upeleke majibu ya mtihani au mwalimu mwenye leseni aipitie kazi ya mtoto, lakini tangu Oktoba 2023 hilo nalo limefutwa. Najua umeguna. Nami niliguna. Nchi inayokutoza faini ukiegesha gari vibaya inakuachia kichwa cha mtoto bila hata mkaguzi wa kukugongea mlango! Uhuru huo unaniogopesha mpaka leo, lakini niliutumia.

Sababu ilikuwa kitabu cha mbwa. Desemba ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kule ninakolea wazee, nimekaa na mwanao kitandani ananisomea kitabu cha shule, cha mtoto aliyepotelewa na mbwa wake. Anasoma kwa madaha, kidole kinafuata mistari. Kwa usingizi nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Hakushtuka. Aliendelea na ukurasa tuliouruka, neno kwa neno, huku kidole kikipita juu ya maneno mengine kabisa. Usingizi ukaniisha. Nikachukua karatasi tupu, nikaandika "dog". Akaitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi usoni, kama jibu limeandikwa kwenye kipaji changu.

"Puppy?" akasema.

Mwalimu wake, mtu mpole kwa kweli, aliniambia nisijali. Ndivyo walivyokuwa wakifundishwa: mtoto aitazame picha, aitazame herufi ya kwanza, kisha afikirie neno gani lingefaa hapo. Nilimsikiliza nikatikisa kichwa kwa adabu. Njiani kurudi ndipo nikapata jina la kitu kile kwa Kiswahili. Mwanangu alikuwa anapiga ramli.

Sikujua kwamba nimeingia kwenye ugomvi wa wakubwa. Wamarekani wanagombania jambo hili tangu miaka ya 1840, pale Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts, alipolalamika kwamba herufi tupu zinawachosha watoto, bora wafundishwe maneno mazima. Mwaka 1955 Rudolf Flesch, aliyekuja hapa akiwakimbia Wanazi kutoka Austria, akatoa kitabu cha kuuliza kwa nini Johnny hajui kusoma, akalaumu mtindo huo huo wa maneno mazima. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoitishwa na Bunge lilitoa ripoti kwamba kumfundisha mtoto sauti za herufi kwa mpangilio kunasaidia. Wenyewe wanaita foniksi. Ungedhani shauri limekwisha, kumbe ramli iliendelea madarasani miaka mingine ishirini na zaidi. Na sasa sikia mzaha wa dunia: sheria ya bajeti ya Ohio ya 2023, ile ile iliyonirahisishia kumtoa mtoto, ndani yake kuna kifungu kinachoziagiza shule ziache kufundisha ramli na zirudi kwenye sauti. Ningevumilia miaka miwili, pengine nisingemtoa. Lakini mtoto wa miaka sita hawekwi kando kama unga, ukamrudia baadaye.

Nikaenda duka la mitumba nikapata kitabu kinene cha Siegfried Engelmann na wenzake, cha mwaka 1983, chenye masomo mia moja, dakika kama ishirini kwa siku. Dakika ishirini kama hakuna anayelia. Akilia mmoja wetu, ni saa nzima. Kila neno ambalo mzazi anatakiwa kulisema limepigwa chapa nyekundu, kama vile wanakujua huna akili baada ya zamu ya usiku. Somo la kwanza ni sauti mbili, m na s. Hakuna picha ya kumsaidia mtoto kukisia. Picha ipo mwisho wa hadithi, na haruhusiwi kuitazama mpaka asome.

Nikadhani nimepata mteremko. Mimi si ni mwanafunzi wako? Si ulitusimamisha mbele ya ubao, fimbo mkononi, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kuitikia? Kumbe mdomo wangu ndio uliokuwa kikwazo cha kwanza.

Kitabu kinaagiza herufi itamkwe bila kitu kingine. T iwe pumzi tupu kwenye ncha ya ulimi, basi. Sasa Shangazi, wewe hukutufundisha herufi moja moja, ulitufundisha silabi. Kwetu konsonanti haitoki nje peke yake. Ukiacha ile m ya mtu na wenzake wachache, lazima isindikizwe na irabu, kama mwari na kungwi wake. Neno lilikuwa cat. Nikasema kwa ujasiri: "Ki, a, ti. Unganisha." Akaunganisha: "Kiati?" Nikarudia. "Kiati!" akapaza sauti, akidhani tatizo ni kwamba simsikii vizuri. Siku ya tatu alinishika mashavu kwa viganja viwili, akanieleza polepole kama mimi ni mgonjwa: "Mama, si 'ti'. Ni 't'."

Nilifanya mazoezi bafuni. Kisha zikaja irabu, nikaaibika zaidi. Sisi tuna irabu tano, zinatutosha duniani na akhera. Hawa herufi zao ni 26 lakini sauti ni kama 44, na nyingi za hizo za ziada ni irabu. Hat, hut na heart, yaani kofia, kibanda na moyo, mdomoni mwangu zilikuwa neno moja. Miaka kumi na moja nimeishi hapa, nimefanya kazi, nimepata uraia, sikuwahi kujua kwamba wazee ninaowavisha nguo wananisikia nikiwaambia "vaa kibanda chako". Mume wangu, ambaye hulala kwenye lori siku nne kwa wiki, alikuwa akipiga simu jioni na sisi tunampa mtihani: ship au sheep? Alikuwa anafeli kila siku na kusingizia kelele za injini.

Nikiri hapa kwamba foniksi ya Kiingereza ina mahali inapokuomba radhi. Kuna mkia mmoja wa herufi nne, o-u-g-h. Ukiwa kwenye though ni "dho", kwenye through ni "thru", kwenye tough ni "taf", kwenye cough ni "kof". Hilo si somo, ni utapeli. Kitabu kinajitetea kwamba maneno mengi yanafuata kanuni na haya machache yanakaririwa, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ila mwanao ana kichwa cha babu yake, hakubali kitu bila kesi. Siku moja aliniandikia orodha ya vitu vya jikoni, akaandika "kabad". Nikamwonyesha cupboard inavyoandikwa. Akauliza hiyo p inafanya nini mle ndani. Sikuwa na jibu, nikamwambia Waswahili walipolichukua neno hilo p waliiacha dukani, wakaondoka na kabati. Alifurahi sana. Alisema Waswahili wana akili.

Septemba alimaliza somo la mia. Anasoma. Anasoma maboksi ya nafaka, mabango ya Morse Road, maonyo ya kwenye dawa, barua zangu za benki ambazo nisingependa azisome. Majirani Wasomali na Wakongo waliokuwa wakiniuliza nimerogwa na nani, mtu anaacha shule ya bure, sasa wawili wameazima kitabu kwangu. Sijawaambia kwamba nao wawatoe watoto wao shule. Mtu mwenye zamu mbili na mume asiyekuwepo afanye hesabu zake. Kuna siku nililala katikati ya sentensi nyekundu.

Lakini si hilo nililokaa kukuandikia. Ni la huyu mdogo.

Yeye nilimwanzishia Kiswahili. Nilijiambia ajue kwanza lugha ambayo herufi zake zinatimiza ahadi, ndipo akapambane na hawa matapeli. Nikakurudia wewe: ba be bi bo bu, kwa vibao vya sumaku kwenye mlango wa jokofu. Theluji haijayeyuka, akawa anasoma chochote. Ukimwonyesha kanga anaisoma pindo hadi pindo. Ng na ng' zilimsumbua siku mbili tu. Nikawa najivuna kwenye kundi la ukoo, nikarekodi, nikatuma, mkanipigia vigelegele.

Asubuhi moja nachambua mchele, simu ikalia mezani. Nikamwambia, soma. Akasimama wima kama kwenye mashindano, akasoma kwa ile sauti ya kuimba, silabi zinamtoka kama shanga:

"Ba-ba yako mdo-go ame-tutoka alfa-jiri ya leo. Mazi-ko ni ke-sho baada ya a-dhu-huri."

Ujumbe ulikuwa wako, Shangazi. Akaweka simu chini, akaniuliza kwa Kiingereza kama amepatia zote.

Alikuwa amepatia zote. Hata dh.

Tangu siku hiyo silali vizuri na huu ujuzi wangu. Kuna wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma ni kuzidisha: uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa maneno, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha, kwa hiyo upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri. Mkubwa kwenye kitabu cha mbwa alikuwa na lugha bila herufi. Mdogo ana herufi bila lugha. Nimewazaa wawili, mmoja kila upande wa alama ya mara.

Na mimi ningepaswa kulijua hili bila wataalamu. Chuoni kwa maalimu tulitiwa alifu, bee, tee, fataha, kasra, dhuma, tukahitimu juzuu tukapikiwa ubwabwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa anachokisoma. Kule ilikuwa ibada, hata mimi sikuona kasoro. Ila kumbuka na barua za babu, zile za kwenye mkoba wa ngozi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano. Msomaji mwenyewe aamue hapa ni i au e, hapa ni u au o. Ulikuwa ukizisoma na kusitasita, unarudi nyuma, unasema "hapana, hapa anakusudia kingine." Ulikuwa ukizisoma kwa kuwa unamjua babu na unaijua lugha yake. Mtu asiyejua Kiswahili asingefika mstari wa pili. Hii tahajia nyepesi tuliyo nayo leo imemwezesha mwanangu kutangaza msiba wa kwao kwa sauti ya wimbo.

Kosa ni langu, si la foniksi. Nilimnunulia vibao nikasahau kuongea naye. Nikiwa nimechoka namwambia kwa Kiingereza, kwa sababu ananielewa upesi na mimi nikalale. Kiswahili kikabaki cha saa ya masomo na cha kugombeza: keti, nyamaza, toka. Jina la ndugu hata moja halijui. Siku ile alidhani "baba mdogo" ni baba yake alipokuwa mdogo, akaniuliza ana picha?

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga. Jumamosi, saa nne asubuhi ya hapa wakati huu wa baridi, kwenu ni saa kumi na mbili jioni, umeshatoka alasiri na chai iko jikoni. Nipigie, nitampa yeye simu na nitatoka chumbani. Usimpe mtihani. Usimwambie akusomee kitu. Mweleze unachopika, mtukane kuku mbele yake, msimulie vile vituko vya Baba Mdogo na ile baiskeli isiyo na breki. Asipoelewa usimtafsirie, endelea tu kama ulivyotufanyia sisi.

Ana swali lake moja, ataanza nalo, usishtuke. "Toka" analijua, nimeshasema analijua vizuri mno. Kwa hiyo anataka kujua Baba Mdogo, alipotutoka, alitoka kwenda wapi. Mimi nilimjibu ovyo, kwa Kiingereza.