Bibi Aliniuliza Askari Wangu Wanakula Nini

Wacha niseme ukweli mapema, mcheke mmalize. Nina miaka 22, niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa bibi yangu Kikoneni, na miezi mitatu sasa napaka rangi wanajeshi wadogo. Wadogo kabisa. Milimita 28, kama pingili ya kidole gumba.

Ilianza na mgeni mmoja Mwingereza aliyefikia Diani. Alinilipa nimpeleke Gazi na nimshikie kamera. Mimi Gazi naijua kwa mikoko. Yeye akaniambia kwamba tarehe 7 Oktoba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likielekea Mombasa, likapigwa hapo hapo Gazi na kurudishwa nyuma. Na kwamba Mwele, huku huku Kwale, Januari 1916 aliuawa Arthur Wavell, Mwingereza aliyeunda kikosi cha Waarabu Mombasa. Yaani nimezaliwa hapa na ninaambiwa na mgeni!

Jamaa hucheza vita mezani. Unapanga vilima na miti ya kuigiza, unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu kujua risasi imempata nani. Alipoondoka aliniachia boksi: askari 16 wa King's African Rifles, wa chuma, bila rangi, na karatasi ya sheria za mchezo. Nikajiambia, hii ni kontenti.

Siku ya kwanza niliharibu watatu. Rangi niliitoa chupani ikiwa nzito, uso wa askari ukawa kama donge la ugali, pua hakuna. Sasa nimejua. Unamwosha kwanza kwa sabuni, halafu anapuliziwa rangi ya chini. Mimi niliwapeleka kwa fundi wa magari Ukunda, akawapulizia ile ya kijivu. Rangi unaizimua kwa maji mpaka iwe kama maziwa, unapaka mara mbili, nyembamba, na katikati unasubiri ikauke. Brashi yangu nzuri kuliko zote ni ya wanja, ya binamu yangu, na bado anaitafuta. Kaki ya sare ikikauka unapitisha maji ya kahawia. Yanaingia yenyewe kwenye mikunjo, ghafla unaona ni nguo. Ngozi usipake nyeusi tupu. Changanya kahawia na tone la nyekundu, halafu ongeza mwanga kidogo kwenye mashavu na vidole vya miguu. Ndiyo, vidole, kwa sababu askari hawa wamevaa sare na kofia ndefu lakini chini wako peku.

Nikapiga vidio ya sekunde 40, muziki mzito, nikaandika juu: "Mashujaa wetu wa 1914." Ikatembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Komenti zimejaa bendera.

Sasa muelewe kitu kuhusu mimi na bibi. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mikorosho yake. Siku niliyorudi na begi hakuuliza kitu, nami sikusema kitu. Nilikuwa nakula, nashukuru, naingia chumbani. Lakini chumbani ni giza, na huwezi kupaka jicho la askari gizani. Ikabidi nikae barazani alipo yeye.

Akawatazama siku mbili bila neno. Ya tatu akasema, "Mume wangu, hawa wanakula nini?"

"Bibi, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Mchele wao kabeba nani? Naona wote wameshika bunduki."

Halafu akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia. Baba yake alikuwa na kaka mkubwa. Wakati wa vita vya Wajerumani alichukuliwa kubeba mizigo. "Alikwenda Kariakoo, hakurudi." Nikamwambia Kariakoo ni soko, Dar. Akanicheka mpaka akashika mbavu.

Usiku nikasoma. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, iliyogeuzwa na midomo yetu. Ndipo lilipotoka jina la Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 1917 serikali iliwakusanya wanaume kwa wingi na kwa nguvu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja kwenye vita hivyo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Na Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya watu watatu tangu 1928. Mmoja ni mpagazi. Nikiwa chuo nilipita pale sijui mara ngapi na sikumwona.

Kwa hiyo vidio yangu ilikuwa nusu. Sijaifuta, lakini naisahihisha hapa.

Kwenye boksi hakukuwa na mpagazi hata mmoja. Nikachukua wale watatu niliowaharibu, nikawakata bunduki kwa msumeno mdogo, nikawapa mizigo kichwani ya gundi ngumu ya kufinyanga. Wa kwanza alivunjika shingo. Wa pili mzigo ulianguka. Wakati nasubiri gundi ya wa tatu ikauke, bibi akaniuliza, bila kunitazama, kwa nini niliacha chuo. Nikamwambia karo. Kimya. Nikamwambia ukweli: niliacha kwenda darasani kabla karo haijaisha. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele. Tangu siku hiyo sikimbilii tena chumbani.

Kuna mtu ataandika "bro, ni mchezo tu." Sawa, tuongee mchezo. Kwenye ile karatasi ya sheria hakuna neno hata moja juu ya mpagazi. Mimi na binamu yangu tukaongeza sheria moja: askari asiye na mpagazi karibu yake, mzunguko wa tatu hasogei. Jaribu uone. Ghafla unaacha kukimbilia kupiga risasi, unaanza kulinda watu wasio na bunduki. Nilipoteza wawili kwenye mvua ya dadu, na jeshi langu lote likakwama mtoni likiwa zima.

Ulizeni nyumbani kwenu, wazee wakiwa bado wapo. Msiulize nani alipigana. Ulizeni nani alibeba. Huyo kaka wa babu yangu mkuu, jina lake bibi analikumbuka, na nimeliandika kwa kalamu chini ya kisahani cha yule wa tatu.

Wapagazi wangu sasa ni wanne. Bibi anasema bado hawatoshi.