Hofu ya maji haimwokoi mtoto

Kwa sisi watu wa bara, bahari hutujia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kalenda ya ukutani: mnazi umeinama, mchanga mweupe, maji ya samawati, na chini yake jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ya pili ni taarifa ya habari. Feri ilipozama Mtongwe, Mombasa, mnamo Aprili 29, 1994 na watu 272 wakaangamia, kuna wazazi wengi huku bara walioapa kwamba watoto wao hawatakanyaga ufuo. Na Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri kivukoni Likoni likazama na mama na binti yake mdogo, kiapo hicho kilirudiwa katika nyumba nyingi. Yetu ilikuwa mojawapo.

Basi, msomaji mpenzi, usishangae nikikuambia kwamba nilipotangaza nyumbani kuwa Desemba tungeenda Kwale, na kwamba siku moja tungepanda boti ya kasi hadi visiwa vya Kisite na Mpunguti kutazama samaki chini ya maji, mama yangu alitamka maneno mawili tu: "Nami nitakuja." Hakuwa na hamu ya likizo. Alikuwa anakuja kulinda wajukuu.

Safari huanzia Shimoni, kijiji kilicho kama kilomita 75 kusini mwa Mombasa. Unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha unaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto hadi nchi inapokwisha. Jina la kijiji limetokana na mapango yaliyopo hapo, ambamo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa wakingojea majahazi ya kuwavusha. Mkabala, ng'ambo ya mkondo mwembamba, kuna kisiwa cha Wasini, makao ya Wavumba tangu jadi. Mbele zaidi, kuelekea bahari kuu, ndiko viliko visiwa vidogo vya Mpunguti na kile cha Kisite, ambacho ni mwamba mkavu unaopendwa na ndege wa baharini.

Sehemu hii ya bahari ilitengwa na serikali katika miaka ya 1970 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Imegawanyika mara mbili. Kisite, yenye kilomita 28 za mraba, ni mbuga ambamo hakuna anayeruhusiwa kuvua hata dagaa. Mpunguti, yenye kilomita 11 za mraba, ni hifadhi ambamo wavuvi wa huko wanaruhusiwa kuvua kwa mitego na njia zao za asili. Samaki wanaozaana kwenye mbuga bila kusumbuliwa husambaa hadi majirani, na mvuvi naye hupata kitoweo.

Gatini, kijana aliyekuwa msaidizi wa nahodha alimwinamia mama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Mzuri sana, kijana," mama akajibu, nasi tukaangua kicheko. Kwetu Mwea shikamoo haikui.

Lakini kijana yule hakuwa wa mchezo. Aligawa majaketi ya kuokolea maisha kabla mtu hajainua mguu, akachagua madogo kwa ajili ya watoto, akavuta kila mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa katika kundi letu alilalamika kwamba joto ni kali na jaketi atalivaa baadaye. Nahodha alizima injini akakunja mikono. Hakusema neno. Mzee akavaa, injini ikawaka.

Boti ya kasi haina simile. Ikishaiacha gati huinua pua, ikaruka juu ya mawimbi na kutua kwa kishindo kinachofika kwenye meno. Kwa anayechafukwa na tumbo, wenyeji hushauri ale chakula chepesi asubuhi, atafune tangawizi na kukaza macho mbali pale mbingu inapokutana na maji. Mama alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikamata mkanda wa jaketi la binti yangu wa miaka kumi. Hata pomboo walipojitokeza ubavuni, migongo yao iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na kila abiria akaruka upande ule, hakuuachilia.

Tulipofika Kisite, boti haikutia nanga. Ilifungwa kwenye boya lililowekwa hapo makusudi, kwa sababu nanga ikitupwa juu ya matumbawe huyavunja kama nyundo juu ya vigae. Hapo tukapewa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira, pamoja na masharti. Usiguse matumbawe. Usiyakanyage. Usichukue kombe wala kiti cha pweza. Usitupe chochote majini. Chupa za plastiki za kutumika mara moja, kwa hakika, zilipigwa marufuku katika mbuga zote nchini tangu Juni 5, 2020.

Wengi wetu tulidhani matumbawe ni mawe. Kumbe ni wanyama wadogo mno, maelfu kwa maelfu, wanaojijengea nyumba za chokaa na kuishi pamoja kama mji. Yapo matumbawe ya duara yanayoongezeka takriban sentimita moja tu kwa mwaka. "Lile pale chini," kijana alisema akionyesha donge lililopita urefu wa mtu, "lilianza kabla bibi hajazaliwa, na kabla ya mama yake bibi." Rangi yao inatokana zaidi na mwani mdogo mno unaoishi ndani yao na kuwalisha. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huo hutoka, matumbawe hugeuka meupe kama mfupa, na joto lisiposhuka mapema hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka wa 1998, mwaka wa El Nino, ambapo sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Joto la namna hiyo lilirudi 2016 na 2024. Yanayoonekana Kisite leo ni yale yaliyonusurika pamoja na yale yaliyoota upya.

Saa ya kuingia majini ilipofika, ndipo kesi yetu ilipoanza.

"Huyu haingii," mama alisema.

Binti alinitazama, nami nikamtazama mume wangu, naye akatazama ndege. Kijana alichuchumaa mbele ya mama, akamwonyesha boya la mviringo lililofungwa kamba.

"Bibi, atashika hili kwa mikono miwili. Jaketi halivui. Kamba ninayo mimi. Atalala kifudifudi, atie uso majini, avute pumzi kwa mdomo polepole. Akichoka atainua kichwa tu."

Mama alimkazia macho kwa muda mrefu. "Na wewe ulifundishwa kuogelea na nani?"

"Na bibi yangu, hapo Wasini. Kwetu mtoto hupelekwa maji yakikupwa, akafundishwa mahali yanapomfika kiunoni. Bibi alikuwa akisema, tumezungukwa na maji pande zote, nikikuficha nayo leo, kesho yatakukuta bila mimi."

Sijui ni neno gani katika hayo lililomgusa. Nilichokiona ni vidole vyake vikilegea kwenye ule mkanda, kimoja baada ya kingine.

Binti yangu alikaa majini karibu dakika arobaini. Mwanzoni alikohoa, akainua kichwa, akakitia tena. Baadaye hakukiinua kabisa. Mimi nami niliingia, nikaona kilichomnyamazisha: pono wa rangi ya kijani na waridi wakitafuna mwamba kwa sauti inayosikika kama mtu anayekula bisi, vikande wenye mistari, taa akijifukia mchangani, na kasa mmoja mkubwa aliyepita chini yetu bila haraka, kama mzee anayetoka kanisani. Kila nilipoinua uso nilimwona mama amesimama kwenye boti, mkono juu ya macho kuzuia jua, midomo ikitembea. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akihesabu pumzi za mjukuu wake kwa kutazama ule mrija.

Chakula cha mchana tulikula Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Tuliletewa kaa wa kupasua kwa kigogo cha mti, samaki na wali wa nazi. Ajabu ni kwamba kisiwa hiki kilichozingirwa na bahari kiliteseka kwa miaka mingi kwa ukosefu wa maji ya kunywa, wakaazi wakitegemea mvua waliyoikinga katika matangi. Kina mama wa kisiwa wana kikundi chao kilichojenga njia ya mbao juu ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu. Mgeni hulipa kiingilio, na pesa husaidia elimu na mahitaji mengine ya kijiji.

Ilikuwa hapo mezani, watoto wakiwa wamekwenda kutazama ile njia ya mbao, mama alipotuambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kikamilifu. Nilijua kwamba nilikuwa na mjomba "aliyechukuliwa na maji" utotoni. Hivyo tu ndivyo ilivyosemwa kwetu, na baada ya hapo mtu akaamriwa kuongeza kuni. Sasa mama alieleza kwamba ilikuwa kwenye mfereji wa mpunga, Mwea. Mvulana alikuwa na miaka saba, yeye mwenyewe kumi. Aliteleza akichota maji.

"Watu walikuwa wengi ukingoni," alisema. "Wanaume wazima. Walipiga mayowe, mmoja akakimbia kutafuta mti mrefu. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea."

Alinyamaza, akapasua kaa wake, kisha akasema: "Baada ya siku hiyo baba alitukataza maji. Nami nikawakataza ninyi. Hakuna aliyefikiri kutufundisha."

Tangu siku hiyo nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Nchi yetu ina maji kila mahali: mabwawa ya ng'ombe, mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua, mito inayofurika bila kubisha hodi, mifereji, ziwa Viktoria, na bahari. Mtoto aliyekatazwa maji atakutana nayo tu, siku ambayo mzazi hayupo. Kuogopa na kuheshimu ni mambo mawili. Nahodha wetu aliiheshimu bahari: aliitazama kabla ya kuondoka, akakataa kung'oa nanga kwa ajili ya mzee mmoja asiyetaka jaketi, na akaturudisha Shimoni mapema upepo wa alasiri ulipoanza kupanda. Angekuwa anaiogopa tu, asingejua lolote kati ya hayo.

Kwa familia inayotaka kufuata nyayo zetu, nina machache ya kuongeza. Nendeni wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Likizo ya Agosti huangukia kusi, na mawimbi huwa makali. Ulizeni kama boti imekaguliwa na kupewa leseni, na kama yapo majaketi ya kila umri. Ukionyeshwa jaketi moja kubwa kwa mtoto mdogo, shuka. Mwenye kuogopa feri ya Likoni sasa anaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu. Vaeni fulana za mikono mirefu ndani ya maji, kwa maana jua la mgongoni halina huruma.

Aidha, hata kama hamtafika Pwani mwaka huu, kuna jambo ambalo kijana yule alimfundisha mama tulipokuwa tukirudi, nami nalitoa bure. Asiyejua kuogelea asimrukie anayezama, kwani watakwenda wawili. Anyooshe mti, atupe kamba, au atupe jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko, kwa sababu huelea na mtu aweza kuikumbatia. Mama alimfanya alirudie jambo hilo mara mbili. Nyumba ipi Mwea isiyo na jerikeni?

Januari binti yangu alianza masomo ya kuogelea kila Jumamosi katika kidimbwi kilicho karibu na mtaa wetu. Ada ya mwezi wa kwanza ilitumwa kwa simu kutoka Mwea, pamoja na ujumbe mfupi ulioniagiza nimwandikishe na kaka yake.