Hema la Mfalme Louis

Mjomba ndiye alinilipia karo mpaka nilipoacha chuo, mwaka wa pili. Baada ya hapo tukawa tunaonana matangani tu. Juzi nililipwa pesa ya kwanza ya maana kwa kuandika, nikamnunulia blanketi zito, lile la maua, nikapanda matatu mpaka kwake. Alilipapasa, akalikunja, akasema, "Haya. Umeanza kulipa. Zile zingine unaleta lini?"

Nilirudi nikimuwaza Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa.

Mwanzoni mwa 1249 Louis alikuwa kisiwani Saiprasi, akijiandaa kwenda kupigana Misri. Jemadari mmoja wa Wamongolia alikuwa amemtumia wajumbe wenye maneno matamu ya urafiki. Naye akamtuma mtawa, Andrew wa Longjumeau, ampelekee Khan Güyük zawadi: hema la kitambaa chekundu lililoshonwa kama kanisa, lenye picha za imani ya Kikristo zilizodariziwa. Alitumaini Khan angebatizwa, wawe kitu kimoja.

Andrew anafika, kumbe Güyük alishakufa. Aliyeshika utawala ni mjane wake, Oghul Qaimish. Kwa Wamongolia, mfalme wa mbali akikuletea kitu cha thamani, amekiri kwamba uko juu yake. Basi mama akalipokea hema kama ushuru, akajibu: leta dhahabu na fedha kila mwaka, ama tutakuangamiza. Jibu lilimfikia Louis 1251. Joinville, aliyekuwa naye, aliandika kwamba mfalme alijuta sana.

Miaka miwili baadaye mtawa mwingine, William wa Rubruck, alienda huko na matunda, divai na biskuti, kwa sababu wafanyabiashara wa Constantinople walimwonya asiende mikono mitupu. Alibeba barua ya Louis, lakini alijitetea kila mahali: mimi si mjumbe wa mfalme.

Nilikuwa namhurumia Louis, ati hakueleweka. Lakini hema lake lilikuwa na ombi ndani. Alitaka kitu. Hata blanketi langu lilikuwa na ombi: nisamehewe bila kutamka neno samahani. Mjomba alisikia kuna kitu kinasemwa, na kwa kuwa mimi nilinyamaza, akajaza mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilienda bila kitu. Nikakaa, nikamweleza kwa nini niliacha chuo, yote. Aliniacha niongee mpaka chai ikapoa.

Pesa bado anadai.