Kutoka Kigwa Mpaka Jiwe la Mugere

Likizo ya shule i karibu, nasi hapa Kigwa twajitayarisha tena kwenda Burundi. Safari hiyo tuliijaribu mara moja, ikatushinda mpakani. Twaeleza jinsi tunavyoitengeneza sasa, ili watakaotufuata wasipatwe na yaliyotupata.

Njia yenyewe ni ya zamani. Misafara ya pembe, na ya watu waliofungwa minyororo, ilipita hapa kwetu. Stanley alipita Juni 1871, akimtafuta Daktari Livingstone. Novemba akamkuta Ujiji. Wakaenda pamoja kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Huko Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, pana jiwe kubwa lililochorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. (Wapagazi na wapiga makasia hawakuandikwa.) Jiwe hilo ndilo tutakalo kuliona.

Kwanza tutazuru Kwihara, karibu na Tabora, palipo na tembe ambamo Livingstone alingojea wapagazi mwaka 1872. Kisha tutapanda gari la moshi mpaka Kigoma, yapata kilometa 400, kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Wengine hulisifu basi. Lakini Bibi hawezi kuketi kutwa nzima, na ndani ya behewa aweza kusimama na kunyosha miguu. Ujiji si mbali na Kigoma; tutauona mnara, tulale, tushike barabara ya Manyovu mpaka mpakani.

Hapo ndipo tulipokwama. Tulikuwa tumehesabu nauli, chakula, blanketi, hata sabuni. Hati ya kusafiria ya mtoto mdogo hatukuihesabu, maana tulidhani abebwaye mgongoni huandikwa pamoja na mama yake. Sivyo, kila mtu sharti awe na yake. Mama akarudi naye Kigoma. Bibi, aliyejilipia nauli kwa fedha ya karanga zake, akasema hawezi kumwacha mjukuu, akarudi pia. Baba akavuka na wakubwa, wakaliona jiwe, wala hawakuona raha.

Basi safari hii ni ya Bibi hasa, na miguu yake haizidi kupata nguvu. Hati zote zimo sandukuni, ya mtoto juu kabisa. Tumeacha siku mbili za akiba, kwa kuwa gari la moshi huweza kuchelewa. Bibi amekwisha kuuliza kama huko Mugere pana kivuli.