Kupona kwa Aliyepasuliwa Kichwa: Ababari wa Gusii na Utata wa Kitenzi Kimoja

Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha bila taabu nafuu, au ahueni, na kupona. Mgonjwa wa homa hupata nafuu leo, hatimaye akapona. Hata hivyo, abiria aliyetoka mzima katika basi lililopinduka naye husemwa amepona, ilhali hakuwa mgonjwa hata kidogo. Ameponea chupuchupu, au katika tundu la sindano. Kitenzi kimoja kinabeba kutibika na kunusurika. Aghalabu utata huo haumdhuru mtu. Katika habari za ababari wa Kisii na Nyamira, hata hivyo, hapo ndipo hesabu ya daktari inapoachana na hesabu ya mgonjwa.

Omobari (wingi wake ababari) ni mpasuaji wa jadi wa Abagusii, na sifa yake kubwa imetokana na kupasua kichwa, yaani omotwe. Ujuzi huo hurithishwa, mzazi akimfunza mwanawe kwa kumsogeza karibu na kazi. Jirani zao Wakuria nao waliujua upasuaji wa namna hiyo. Aliyeletwa kwa omobari kwa kawaida alikuwa mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, na dalili iliyomleta haikuwa jeraha lenyewe bali maumivu ya kichwa yaliyokataa kuondoka baada ya jeraha kufunga. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, akaitenga pembeni, kisha akaukwangua mfupa taratibu kwa kisu kilichopinda mpaka ukaisha na utando unaofunika ubongo ukaonekana. Hapo alisimama. Utando haukutobolewa. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani au kivulini, kwa saa kadhaa, na kimapokeo bila dawa ya ganzi ya hospitali.

Madaktari wa kigeni walishangazwa zaidi na yaliyofuata kuliko na kisu. J. G. Grounds aliandika juu ya jambo hili katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki mwaka 1958. Edward Margetts, daktari Mkanada wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, alilichunguza kwa kina na kuchapisha utafiti wake mwaka 1967. Rolf Meschig wa Düsseldorf alitoa kazi nzima kwa Kijerumani mwaka 1983, na miaka miwili baadaye daktari wa upasuaji Mmarekani, David Furnas, pamoja na wenzake, wakaandika juu ya matokeo yale yale. Wote walikiri jambo moja: wengi wa waliopasuliwa waliishi.

Ili kuuelewa mshangao wao, yafaa kukumbuka Ulaya ya karne ya 19. Katika miaka ya 1860 mwanadiplomasia Mmarekani Ephraim George Squier alilipeleka kwa wanazuoni fuvu kutoka Peru lililokatwa tundu la pembe nne. Paul Broca wa Paris alilichunguza na kusema kwamba mwenyewe aliishi kwa muda baada ya kukatwa. Baadhi ya wasomi hawakutaka kuamini, na sababu yao ilikuwa ya aibu: katika hospitali zao wenyewe, wengi wa waliotobolewa fuvu walikuwa wakifa. Joseph Lister alichapisha mbinu zake za kuzuia vidonda kuoza mwaka 1867 tu. Kabla ya hapo, wodi iliyojaa wagonjwa ilikuwa mahali pa hatari kuliko nyumba ya mgomba na moshi. Mgonjwa wa omobari hakulala kando ya kidonda cha mtu mwingine. Ukiongeza kwamba utando wa ubongo uliachwa mzima na kwamba kukwangua kunampa mpasuaji nafasi ya kujua amefika wapi, sehemu kubwa ya ajabu hiyo inapata maelezo. Haihitaji miujiza, wala haihitaji dharau.

Hata hivyo, wanazuoni hawa walihesabu kupona kwa maana ya abiria wa basi. Aliyepasuliwa hakwenda kwa omobari ili asife. Alikwenda kwa sababu kichwa kilimuuma. Je, kiliacha?

Hapa jibu linayumba, na ni heri liachwe liyumbe. Kama kipande cha mfupa kilikuwa kimebonyea ndani, au damu ilikuwa imejikusanya kati ya mfupa na utando, kuondoa mfupa kuliweza kuleta faraja ya kweli. Damu iliyo chini ya utando isingefikiwa, maadamu utando haukufunguliwa. Tena, maumivu yanayofuata pigo la kichwa mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi, kwa hiyo siku nazo zilikuwa tabibu ingawa hazikulipwa ujira. Margetts alieleza habari za mtu mmoja aliyerudia upasuaji mara kadhaa hata sehemu kubwa ya juu ya fuvu lake ikawa imeondolewa. Mwenye kupenda kubeza atasema kwamba mtu huyo ni ushahidi wa kushindwa kwa omobari: angepona, angerudi kwa nini? Lakini swali hilo lina upande wa pili. Mtu hairudii njia yenye uchungu wa namna ile pasipo kupata kitu fulani mwishoni mwake. Yaelekea alichokipata ni nafuu, ile nafuu halisi ya Kiswahili, ambayo haijidai kuwa kupona.

Mwili nao una hesabu yake. Taya lililokatwa na kurekebishwa hospitalini hufungwa ncha kwa ncha, na katika muda wa wiki sita hivi mfupa huwa umeanza kushikana. Mgonjwa hunywa uji, kisha vyakula laini, hatimaye akarudia kutafuna. Fuvu la mtu mzima lililokwanguliwa haliko hivyo. Kingo za tundu hulainika na kuviringika, na kwa alama hiyo mtaalamu wa mifupa hujua kwamba mwenye fuvu aliishi, lakini tundu halizibi. Ngozi hufunga juu yake, nywele huota, na chini yake hakuna mfupa. Mtu huyu anapaswa kulima, kubeba mzigo kichwani, kupanda mti wa parachichi, kugombana na jirani, huku mahali pamoja kichwani mwake pakilindwa na ngozi tu. Ni sehemu ya kupona isiyoonekana katika asilimia za walionusurika.

Nani basi ameiandika? Maandishi mashuhuri juu ya ababari yako katika Kiingereza na Kijerumani. Yanapima tundu, yanachora visu, yanataja umri na jinsia. Sauti ya mgonjwa imo humo kwa kupitia mkalimani, na kwa kawaida katika sentensi moja: anasema anajisikia vizuri. Hatuelezwi alitumia neno gani la Ekegusii, wala kama neno hilo linabeba maana mbili kama letu au limezigawa. Fasihi simulizi imekusanya kutoka Gusii nyimbo za harusi, methali na ngano, na ni jambo jema. Simulizi ya mtu aliyelala chini akiwa macho, akisikia mfupa wake ukikwanguliwa, haijahesabiwa kuwa utanzu. Kisii na Nyamira zina wanafunzi wengi wa Kiswahili wenye babu na nyanya wanaoijua Ekegusii ya ndani. Swali la kuulizwa ni fupi nalo halihitaji mashine: ulipoamka asubuhi iliyofuata, mama, ulisemaje?