Hedseti ya baiskeli (si ile ya masikioni)

Leo tarakilishi zipumzike kidogo. Nataka kuongea juu ya hedseti, na kabla hujaniuliza bei ya ile yenye maikrofoni, wacha niseme mapema kwamba hii ni ya baiskeli. Ni seti ya bakuli, beringi na pete zinazokaa kwenye shingo ya fremu, juu na chini, ili foki izunguke vizuri unapokata kona na isicheze mbele na nyuma unapofunga breki. Ikikaa sawa hutajua hata kama ipo.

Sababu ya kuandika ni baiskeli ya milimani ya mtumba aliyonunua mdogo wangu hapa Nairobi. Yeye anaishi Iten, na anayeijua barabara inayotoka Iten kupitia Tambach kuteremkia Bonde la Kerio atanielewa. Ni kona baada ya kona, mteremko wa takriban mita 1,000, na kwa baiskeli unashuka huku vidole viko kwenye breki karibu muda wote. Kila ukifunga breki ya mbele, nguvu yote inaishia kwenye ile shingo. Baiskeli aliyoniletea ilikuwa inagonga "kok, kok" ukiishika breki na kuisukuma. Muuzaji alikuwa amemwambia ni kawaida, baiskeli za mtumba hulialia. Nikamwambia aiache kwangu wiki moja.

Tuanze na Black Mamba, kwa sababu mafundi wetu wengi walijifunzia huko, na ndiyo iliyobeba abiria wa boda boda za kwanza kule mpakani Busia. Kwenye Black Mamba bomba la foki lina thredi juu. Koni ya juu inafungwa kwenye thredi hizo mpaka gololi zikae sawa, halafu nati ya pili inaifunga koni isirudi nyuma. Kwa hiyo ukisikia mchezo, dawa iko juu: legeza nati, kaza koni kidogo, funga nati. Fundi wa kando ya barabara anafanya hivyo kwa dakika tano, na anafanya vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Kampuni ya Dia-Compe ilileta sokoni hedseti isiyo na thredi, iliyoitwa AheadSet, kazi ya mvumbuzi John Rader. Bomba la foki sasa ni laini, na stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, inalikumbatia kwa nje kwa bolti zake za pembeni. Juu kabisa kuna kifuniko chenye bolti moja. Ndani ya bomba kuna nati ya nyota, yenye meno yanayouma kuta, na bolti ya kifuniko inaingia humo.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Bolti ile ya juu haishikilii baiskeli. Kazi yake ni moja: kuvuta foki juu na kusukuma stemu chini mpaka beringi zibanwe kiasi kinachofaa. Baada ya hapo bolti za pembeni za stemu zinafungwa, na hizo ndizo zinazolinda marekebisho yasiondoke. Ukizifunga za pembeni kabla ya ile ya juu, unaweza kuikaza ile ya juu mpaka mkono uume na beringi zisijue lolote, maana stemu haiwezi kuteleza. Mtu aliyezoea Black Mamba anaona bolti juu, anaikaza, anaona amemaliza. Simlaumu sana, kwa macho vitu hivi viwili vinafanana. Ni kama programu iliyobadilishwa ndani ikaachiwa vitufe vilevile.

Basi nikafungua. Beringi ya chini ilikuwa na kutu, jambo ambalo halishangazi, kwa sababu ya chini ndiyo inayopokea maji na matope yote yanayorushwa na gurudumu. Nikaamua kubadilisha seti nzima. Swali la kwanza likawa saizi. Kuna mfumo wa majina unaoitwa SHIS ambao, kwa sisi waandika programu, unapendeza kweli. Herufi EC ni bakuli linalokaa nje ya shingo, ZS ni lile lililozama ndani, IS ni beringi inayokaa moja kwa moja kwenye fremu bila bakuli. Namba ya kwanza ni kipenyo cha ndani cha shingo kwa milimita. Ya pili, kwa upande wa juu, ni kipenyo cha bomba la foki, na kwa upande wa chini ni cha mahali pete ya beringi inapokaa kwenye mabega ya foki. Yangu ilikuwa EC34/28.6 juu na EC34/30 chini, saizi ya kawaida ya baiskeli za milimani za zamani zenye bomba la inchi 1 na 1/8. Baiskeli za karibuni huwa na bomba linalopanuka kuelekea chini, na huko utaona kitu kama ZS44/28.6 na ZS56/40. Pima kwa kalipa, usikisie. Bakuli la 44 haliingii shingo ya 34 hata ukiomba.

Kuingiza bakuli, watu hupiga nyundo. Usipige. Bakuli likiingia upande linakwaruza shingo, na shingo ya alumini haina msamaha. Chombo maalumu cha kusukumia ni ghali, lakini rodi ndefu yenye thredi, nati mbili na washa kubwa kutoka duka la vifaa vya ujenzi zinafanya kazi hiyo hiyo. Safisha shingo, paka grisi kidogo, ingiza bakuli moja kwanza, zungusha nati polepole huku ukiangalia kama linaingia sawa pande zote. Beringi isiwe ndani wakati huo. Pete ya kwenye mabega ya foki niliiteremsha kwa bomba la chuma lenye upana unaoitosha, nikigonga kidogo kidogo mpaka sauti ikabadilika. Hapo nyundo inaruhusiwa.

Nilipopanga vitu vyote na kurudisha stemu, ndipo nikaona ugonjwa wenyewe. Bomba la foki lilifika juu sawasawa na ukingo wa stemu. Maana yake kifuniko kilikuwa kinakaa juu ya bomba, hakisukumi stemu. Ungebadilisha beringi mara kumi na kelele ingebaki. Bomba linatakiwa liishie chini ya ukingo kwa milimita 3 hivi, na dawa yake ilikuwa spesa moja ya milimita 5 juu ya stemu. Spesa! Pete ndogo ya bei ya chai na mandazi. Kifuniko kilikuwa kimechubuka kwa kukazwa na mtu aliyetafuta suluhisho mahali ambapo halikuwepo.

Baada ya hapo kazi ni ya subira. Bolti za pembeni zikiwa zimelegezwa, kaza ya juu kwa spana ndogo, robo mzunguko, kisha jaribu. Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na uweke vidole pale bakuli linapokutana na foki. Ukihisi kitu kinasogea, ongeza kidogo. Halafu inua gurudumu la mbele na uinamishe fremu: usukani unatakiwa uanguke wenyewe kushoto na kulia. Ukisita, umekaza kupita kiasi, na beringi zilizokazwa hivyo hujichimbia vishimo mpaka usukani unanasa katikati kila unapokwenda moja kwa moja.

Angalizo kwa wenye foki ya springi: miguu ya foki nayo huwa na mchezo wake ikizeeka, na hata breki inaweza kutikisika. Geuza gurudumu pembeni nyuzi 90, kisha sukuma tena. Mchezo wa hedseti utausikia bado kwa vidole pale shingoni. Kama shingo imetulia na kelele inatoka chini, acha hedseti ya watu.

Mwisho nyoosha stemu na gurudumu, ufunge bolti za pembeni kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Stemu nyingi zimeandikwa kiasi chake, mara nyingi karibu Nm 5. Kwa bomba la kaboni sahau nati ya nyota kabisa, meno yake yatalikata kwa ndani. Huko hutumika plagi inayopanuka.

Mdogo wangu alikuja Jumamosi. Nilimfanya alegeze kila kitu na kukifunga tena mwenyewe mara mbili, kwa sababu kule Tambach mimi sitakuwepo. Mara ya kwanza alianza na bolti za pembeni. Nikanyamaza, nikamwacha afunge breki na kusukuma. "Kok," ikasema. Akanitazama, akacheka, akarudi mwanzo. Nimempa ile spana ndogo aende nayo, na nimemwambia aipime tena baada ya safari ya kwanza, maana bakuli mpya hujikalia zaidi zikibebeshwa mzigo na mchezo kidogo hurudi.